Kupima floraidi kwenye maji ya kisima kwa elektrodi, hatua kwa hatua

Ukifanya kazi ya maabara ya maji hapa Nakuru, utaletewa chupa kutoka Njoro, Bahati, Lanet au Gilgil, na swali la mwenye kisima litakuwa lile lile: floraidi ni ngapi? Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huitoa floraidi, na maji ya huku yana sodiamu nyingi na kalisi chache. Kalisi ndiyo ingeishika floraidi ikatulia chini kama chembe. Isipokuwapo ya kutosha, floraidi inabaki majini na kupanda. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kiwango cha Kenya ni hicho hicho. Kuna visima vinavyokipita mbali, na cha jirani kikawa salama. Kuonja hakusaidii, wala huwezi kukisia kwa kuangalia ramani.

Njia ya rangi ipo, na kwa vifaa ni nafuu. Ila maji yenye alkali nyingi, yaani mengi ya visima vyetu, huivuruga, na dawa yake ya kawaida ina arseniki, kwa hiyo taka zake si za kumwaga kwenye sinki. Mimi natumia elektrodi, kijiti kinachotumbukizwa majini na kuipa mita namba ya milivolti.

Hatua ya 1: Sampuli

Chupa iwe ya plastiki, si ya kioo, maana floraidi hushambulia kioo, hasa kukiwa na asidi. Pampu iende dakika kadhaa kwanza ili maji yaliyolala kwenye bomba yatoke. Suuza chupa mara tatu kwa maji yale yale ya kisima, ndipo ujaze. Huhitaji kuongeza dawa ya kuhifadhi. Sampuli hukaa hadi siku 28. Andika kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.

Usichukue kwenye tangi kama swali ni la kisima. Tangi lenye maji ya mvua juu ya maji ya kisima litakupa namba isiyo ya kisima wala ya mvua.

Hatua ya 2: Bafa

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu huruka. Elektrodi ya floraidi ina kioo kidogo (fuwele, si glasi) cha lanthanamu floraidi kilichotiwa yuropiamu, uvumbuzi wa Frant na Ross wa mwaka 1966. Kioo hicho huona ioni huru za floraidi tu. Maji yakiwa na alkali kali, ioni za haidroksidi, ambazo ukubwa wake unakaribiana na wa floraidi, huingilia na kuonekana kama floraidi. Maji yakiwa na asidi kali, floraidi hushikana na haidrojeni na elektrodi haiioni tena. Alumini na chuma nazo huificha. Bafa iitwayo TISAB hutatua yote hayo kwa mpigo: hushikilia pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, kati ya 5 na 5.5, huzifunga metali, na kusawazisha chumvi za sampuli na za mimumunyo sanifu, yaani ile yenye floraidi ya kiasi kinachojulikana.

Ukitaka kuitengeneza mwenyewe: kwa maji yasiyo na madini mililita 500, weka asidi asetiki kali mililita 57, chumvi safi ya maabara gramu 58, na CDTA, dawa ya kuzifunga metali, gramu 4. Simamisha chombo ndani ya ndoo ya maji baridi, kisha ongeza sodiamu haidroksidi ndani ya chombo polepole huku ukipima, hadi pH ifike 5.3 mpaka 5.5. Acha ipoe, kisha jaza hadi lita moja. Ile asidi ifungue chini ya kabati la hewa. Harufu yake huchoma pua hadi machozi.

Hatua ya 3: Mimumunyo sanifu

Kausha sodiamu floraidi kwenye oveni nyuzi 110 kwa saa mbili, iache ipoe pasipo unyevu, pima gramu 0.2210, yeyusha na ujaze hadi lita moja. Huo ni mmumunyo wa miligramu 100 kwa lita. Kutoka humo tengeneza 0.1, 1 na 10, uweke kwenye plastiki. Sodiamu floraidi ni sumu. Usiiache karibu na kikombe cha chai.

Hatua ya 4: Kusawazisha mita

Changanya kila mmumunyo na bafa nusu kwa nusu, mililita 25 kwa 25, kwenye bika ya plastiki. Anza na hafifu, malizia na kali. Kikorogeo cha sumaku hupasha joto bika kidogo kidogo, kwa hiyo weka kipande cha katoni kati yake na bika. Inua elektrodi, itumbukize tena ikiwa imelala kidogo, uangalie chini: kiputo cha hewa kikikaa juu ya kioo, namba itayumba.

Floraidi ikipanda, milivolti hushuka. Kutoka 1 hadi 10 tofauti iwe kati ya 54 na 60. Ikiwa chini ya hapo, au elektrodi inachelewa kutulia, futa kioo kwa karatasi laini. Ikikataa, isugue taratibu kwa dawa ya meno yenye floraidi na uisuuze vizuri. Wageni hufikiri ni mzaha, lakini hufanya kazi.

Hatua ya 5: Kupima

Maji mengine hutoka ardhini yakiwa na joto, na asubuhi za Nakuru maabara huwa baridi. Acha sampuli na mimumunyo vikae pamoja hadi vilingane joto. Nyuzi tano za tofauti huhamisha jibu.

Changanya sampuli na bafa nusu kwa nusu, vile vile ulivyofanya awali. Kwa maji ya magadi magadi, gusa kwa karatasi ya pH uhakikishe bado uko kati ya 5 na 5.5. Namba ikitulia, andika. Floraidi ikiwa chini, kama 0.2, ipe dakika tano. Wengi hutaka kusoma mapema.

Tuseme mmumunyo wa 1 umesoma milivolti 100, wa 10 ukasoma 42. Mteremko ni 58. Sampuli ikisoma 62: 100 toa 62 ni 38, 38 gawa kwa 58 ni 0.655, 10 kwa kipeo hicho ni karibu 4.5. Maji hayo yako mara tatu ya kikomo. Ikipita 10, zimua sampuli kwa maji yasiyo na madini, kisha uzidishe jibu kwa mara ulizoizimua. Usinyoshe mstari nje ya mimumunyo yako.

Hatua ya 6: Kujihoji

Kila kundi la sampuli unazopima liwe na maji yasiyo na madini, sampuli moja iliyopimwa mara mbili, na moja iliyoongezwa floraidi kwa makusudi. Kwa mililita 50 za sampuli ongeza mililita 0.5 za mmumunyo wa 100. Sampuli ya 2.1 iliyoongezwa hivyo inapaswa kusoma karibu 3.1. Ikisoma 2.4, kuna kitu kinaificha, na bafa ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Mwenye kisima akija kuchukua majibu atauliza kama akichemsha itatoka. Mwambie hapana: mvuke huondoka, floraidi inabaki, na maji yanayosalia huwa nayo zaidi. Klorini nayo haiigusi. Chujio la makaa ya mifupa, linalotumika sana huku, huipunguza vizuri, lakini huchoka bila ishara yoyote ya kuonekana. Kwa hiyo akishaliweka, mwombe chupa mbili kila anapoleta sampuli, moja kabla ya chujio na moja baada, uzipime siku moja kwa bafa moja.