SOMO: Konde hadi Vumawimbi na Kigomasha kwa pikapu ya kulala – matope, mchanga na pa kuegesha usiku

Assalaam aleikum wajumbe.

Kila mvua zikikatika napata ujumbe ule ule. Gari gani inafika pwani ya Vumawimbi na rasi ya Kigomasha, huku kaskazini ya Pemba? Fowili, yaani kuvuta kwa tairi zote nne, ni lazima? Mtu anaweza kulala ndani ya gari kule? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo naweka yote hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Nazungumzia pikapu yenye fowili iliyobebeshwa kijumba cha kulala nyuma, kiwe cha mbao, bati au faiba. Sizungumzii Noah wala gari ndogo iliyotandikwa godoro.

Watu wanahangaika na injini na aina ya gari. Huku Pemba vitu vinavyomkwamisha mtu ni vitatu: uzito aliobeba, upepo uliomo kwenye tairi, na maji ya bahari ambayo hakuyapigia hesabu. Hicho cha tatu ndicho kinachoharibu magari, na ndicho ambacho hakuna anayeniuliza.

1. Msimu. Masika, Machi hadi Mei, kaa nyumbani. Kuanzia Juni hadi Septemba njia ni nzuri, na Januari na Februari pia ni pakavu. Wakati wa vuli usitazame mvua ya leo, uliza mvua ya juzi. Chini ya miti ya msitu wa Ngezi jua haliingii, kwa hiyo shimo lililojaa maji Jumatatu unaweza kulikuta vile vile Alkhamisi huku Konde mjini vumbi linatimka.

2. Mafuta. Jaza Chake au Wete.

3. Ruhusa. Njia inapita katikati ya hifadhi ya msitu wa Ngezi, na ofisi yao iko barabarani. Simama, jitambulishe, lipa kinachotakiwa, sema unakwenda wapi na unarudi lini. Kisha mtafute Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, wa pale unapotaka kulala, na umfikie kabla ya magharibi. Gari ngeni ikiegeshwa gizani karibu na dau za watu inatia wasiwasi, na wana haki ya kuwa nao. Ukishapiga hodi kwa Sheha, utapewa na mtu wa kukuonesha njia.

4. Uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Madumu matano ya lita 20 ni kilo 100 kabla hujapakia chakula, na watu wanayapanga juu ya paa. Maji yakae chini, na yakae mbele ya ekseli ya nyuma, yaegemee kebini. Ukiyaweka mkiani gari inanyanyua pua, tairi za mbele zinakosa mshiko, na kwenye utelezi usukani hautii. Juu ya paa weka turubai na mkeka tu.

5. Ngezi. Pima urefu wa gari pamoja na kijumba, andika kwa kalamu ya rangi kwenye dashibodi. Matawi yako chini kuliko unavyoyaona ukiwa umekaa kwenye usukani, kwa hiyo mwenzio ateremke atangulie kwa miguu. Fowili itie kabla ya tope, usingoje mpaka tairi zianze kuzunguka bure. Shimo usilolijua chini yake, lipime kwa fimbo. Halafu ingia na gia ndogo kwa mwendo ule ule mpaka utoke, bila kukanyaga mafuta kwa pupa. Udongo mwekundu ukijaa kwenye meno ya tairi, tairi inakuwa laini kabisa, na kuongeza mafuta ni kujichimbia.

Na mkiwa humo msipite mbio. Ngezi ni kiasi cha hekta 1,440 tu, ndiyo sehemu kubwa iliyobaki ya msitu wa asili wa kisiwa hiki. Mpapindi, mti ule mwembamba wa msituni wa jamii ya minazi, ni wa Pemba. Popo wetu mkubwa, anayeruka jioni kufuata matunda, hapatikani pahala pengine duniani. Zimeni injini, mkae kidogo msikilize.

6. Upepo wa tairi. Kwenye lami fuata kibandiko kilichopo kwenye mlango wa dereva. Pale udongo mwekundu unapoanza kugeuka kichanga cheupe, simama. Gari iliyobeba kijumba iteremshe mpaka paundi 25 nyuma na 20 mbele. Ukiona bado inazama, punguza tena kidogo kidogo, lakini usishuke chini ya 15, tairi itachomoka kwenye ringi ukikata kona. Mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Kabla hujarudi kwenye lami jaza upya, kwa sababu tairi laini kwenye lami inapata moto na kupasuka.

7. Pa kuegesha usiku. Hapa someni polepole.

Mgeni akifika pwani anatazama mstari wa mwani mkavu, anaegesha juu yake, anaona yuko salama. Mstari ule unaweza kuwa wa maji mafu. Wakati wa maji mafu bahari haipandi sana wala haishuki sana. Siku chache baadaye linaanza bamvua, yaani maji makubwa, na hapa kwetu tofauti ya kujaa na kupwa inafika kama mita 4. Gari tuliyokwenda nayo safari moja iliwekwa hivyo hivyo, juu ya mstari, mahala pakavu pa kupendeza. Usiku wa tatu tuliamshwa na maji yanayogonga ringi. Ubaya wa maji ni kwamba hayaingii kwa juu kwanza. Mchanga unalowa kutokea chini, kila wimbi linalorudi linachota kidogo pembeni ya tairi, na gari inakaa chini yenyewe bila mtu kuigusa. Tuliitoa kwa mabeleshi, mbao za dau na wavuvi waliotoka vitandani mwao kutusaidia, na mpaka leo nina deni la shukrani kwao.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Tazameni mwezi. Bamvua linakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na linazidi nguvu siku moja au mbili baadaye. Yaani tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu jihadharini. Bamvua la Machi na la Septemba ni kubwa kuliko mengine. Siku za bamvua maji yanajaa kama saa 10 jioni, hayo utayaona kwa macho. Ya pili yanajaa kama saa 10 alfajiri, na hayo yanakukuta umelala. Kila siku yanachelewa karibu dakika 50.

Ukipanda kutoka majini utakuta mistari ya mwani zaidi ya mmoja. Tafuta ule wa juu kabisa, uliokauka ukawa mweusi na kuchanganyika na majani, kisha panda zaidi, mpaka kwenye udongo wenye majani yaliyoota. Pua ya gari ielekee unakotokea. Usiegeshe chini ya mnazi, hata kama kivuli ni kizuri. Nazi inatoboa paa la kijumba, na kichwa cha mtu ni laini kuliko paa.

Na gari haiteremki pwani. Njia inapoishia na wewe unaishia hapo. Kasa wanataga mchangani na shimo lake hulioni. Wavuvi wanaburura vyombo, watoto wanacheza. Ukitaka kuogelea, tembea.

8. Kurudi. Osha chini ya gari kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, siku ile ile. Chumvi haingoji.

MASWALI

Mjumbe, Mkoani: Mkuu, Noah yangu itafika?

Aya ya kwanza imejibu. Kwa njia hii, hapana.

Kijana wa Wete: Ami, naomba unifahamishe kitu. Tairi ikipungua upepo si ndio inazidi kulemea? Mbona inapita vizuri kwenye mchanga?

Swali zuri, mwanangu. Uzito wa gari haubadiliki, kinachobadilika ni eneo linaloubeba. Tairi iliyojaa inakanyaga pahala padogo, kwa hiyo inakata mchanga kwenda chini. Ukiipunguza inarefuka pale inapogusa, kutoka mbele kwenda nyuma, mzigo unagawanyika na mchanga unabeba. Jaribu mwenyewe: tia majivu mbele ya tairi, ipitishe polepole, pima alama yake kwa rula. Kisha punguza upepo, upime tena, utaona alama imerefuka sana kuliko ilivyopanuka. Hasara yake ni ubavu wa tairi kuvimba nje, kwa hiyo mawe ya matumbawe na visiki vinauchana kirahisi. Ndiyo sababu nasema upunguze ukifika kwenye kichanga, usipunguze ukiwa bado Ngezi.

Mjumbe, Unguja: Mnatisha watu bure. Mimi naingia mchangani mpaka kwenye maji na sijakwama hata siku moja.

Sheikh, kukwama kwako si hoja yangu pekee. Nimetaja kasa, vyombo na watoto. Pwani ile ina wenyewe, na kila gari inayoteremka inamfanya Sheha amkatalie anayekuja baada yako. Kama unayo sababu ya kulazimu gari ifike majini, iandike hapa tuisome.

Dada wa Micheweni: Kaka, sisi tunakwenda na watoto wawili. Usiku kuna baridi ya upepo. Naweza kuingiza jiko la mkaa ndani ya kijumba, likishawaka vizuri na moshi umekwisha?

Dada yangu, usifanye hivyo kabisa. Mkaa usiotoa moshi ndio wenye khatari zaidi, kwa sababu hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na mtu analala asiamke. Hata dirisha likiwa wazi kidogo, usithubutu. Pikeni nje, jiko libaki nje mpaka asubuhi. Watoto wavishwe soksi na kofia, chini ya godoro tandika mkeka na blanketi moja, kwa sababu baridi nyingi inapanda kutoka chini. Acha matundu mawili ya hewa, moja chini na moja juu upande wa pili, yote yazibwe kwa wavu wa mbu. Ukitaka tuzungumze namna ya kupanga vitanda vya watoto, niandikie, nina vipimo vya kwetu.

Mjumbe, Chake: Pampu ya baiskeli inatosha kujazia?

Utaichosha mikono. Nunua ya umeme, uifunge moja kwa moja kwenye betri. Ukiichomeka kwenye tundu la sigara fyuzi inakatika.

Mjumbe, Chake: Na tukikwama tufunge kamba kwenye kile kidude cha kuvutia tela?

Hapana! Kile kichwa cha mviringo kinakatika na kuruka kama risasi, kimeshaua watu sehemu nyingi duniani. Tumia ndoano iliyofungwa kwenye chesisi. Tupia turubai au koti zito katikati ya kamba, na watu wote wasimame mbali, mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe.

Mjumbe, Fuoni: Weka lokesheni ya pale mnapolala.

Siweki. Nenda kwa Sheha.

Mjumbe anayehamia Mbeya: Nimejifunza mengi, ahsante sana. Nataka kuchukua pikapu yangu bara nitembelee maziwa ya milimani. Haya ya upepo na uzito yanafaa na huko?

Uzito unafaa zaidi huko. Pemba hakuna kilima kinachofika hata mita 150, kwa hiyo breki zetu hazijui mteremko mrefu. Bara ukishuka, tia gia ndogo tangu juu, injini ndiyo ikuzuie. Breki ukizikalia zinapata moto na kuacha kushika. Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, inapoteza nguvu kiasi cha asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, usishangae ikilalamika. Na ujue kwamba maziwa mengi ya kule gari haifiki majini. Ngosi, huko huko Mbeya, gari inabaki chini na unapanda kwa miguu msituni mpaka ukingoni, ndipo unaliona ziwa chini yako. Empakaai, katika hifadhi ya Ngorongoro, unaacha gari juu na kuteremka na askari mwenye bunduki. Chala, mashariki ya Kilimanjaro kwenye mpaka na Kenya, nalo limo ndani ya shimo la volkano lenye kuta za kusimama. Chukua blanketi nzito. Baridi ya Mbeya mwezi wa Julai si ya kwetu.

Fundi, Wete: Ongeza na hili. Difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, ina kipumulio kidogo juu yake. Ukitoka safari difu ina moto, ukiingia kwenye dimbwi inapoa ghafla na kuvuta maji kupitia pale. Ukiona oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, ndiyo hiyo, maji yameingia.

Fundi, Mungu akuzidishie. Hili nilitakiwa kuliweka kwenye hatua ya 5. Wajumbe, someni alichoandika.

Kijana wa Wete: Fundi, dawa yake ni nini?

Fundi, Wete: Toa kipumulio, vesha mpira wa mafuta wa kukaza vizuri, upandishe mpaka juu ya bodi karibu na tangi, ufunge kwa klipu. Acha ulegee kidogo, kwa sababu ekseli inapanda na kushuka, ukiukaza utachomoka. Mwisho wake uinamishe uelekee chini usiingie vumbi. Njoo gereji Jumamosi asubuhi, nina kipande kimebaki, nitakuonesha kwenye gari ya mtu kisha utafunga ya kwako mwenyewe.