Namna Kijana wa Dodoma Anavyoweza Kuanza Udereva wa Mbio za Magari

Kijana anayetazama mbio za NASCAR za Marekani humwona dereva akiwa tayari kwenye usukani wa gari kubwa, wala haoni miaka iliyotangulia. Jeff Gordon alianza na vigari vya watoto akiwa na umri wa miaka 5, na Joey Logano, aliyeshinda mbio za ngazi ya juu mwaka 2009 akiwa na miaka 19 tu, naye alipanda daraja baada ya daraja tangu utotoni. Sisi wa Dodoma, ambao barabara zetu nyingi za wilayani ni za changarawe na vumbi, njia iliyo karibu nasi ni rali, yaani mbio ambazo magari hupita moja moja kwenye vipande vya barabara vilivyofungwa, na kila gari hupimwa muda.

Usianze kwa kutafuta gari, kwa sababu gari la mbio bila ujuzi humaliza akiba ya ukoo mzima kabla msimu haujafika nusu. Anzia gereji, ama kwa kusoma ufundi wa magari VETA, ama kwa kumwomba fundi mzoefu akupokee kama msaidizi. Jifunze kufungua shokapu, kubadilisha tairi kwa haraka na kusafisha chujio la hewa, ambalo vumbi la kiangazi huliziba hadi injini ikaishiwa nguvu.

Hatua ya pili, ambayo vijana wengi huidharau, ni kukaa kiti cha msoma ramani. Yeye ndiye anayemsomea dereva maelezo ya njia, na katika mfumo uliozoeleka kona hupewa namba kuanzia 1, iliyo kali kabisa, hadi 6, inayokaribia kunyooka. Tafuta barabara tulivu, mwenzako aendeshe kwa mwendo wa kawaida unaoruhusiwa, nawe uandike: “Kushoto 3, mita 80, kulia 5 inayofunga,” yaani kona ya kushoto ya namba 3, kisha mita 80, halafu kona ya kulia ya namba 5 inayozidi kuwa kali kadiri unavyoipita. Mkirudia njia hiyo, msomee kabla hajaifikia kona, kwani maelezo yanayochelewa ni sawa na kutosomewa kabisa. Baada ya mvua pitieni tena, maana udongo mweusi wa mbugani huigeuza kona ya 5 ikaendeshwa kama ya 3.

Leseni ya kawaida ya gari hupatikana ukitimiza miaka 18. Kwa leseni ya mashindano, waulize AAT, chama cha magari cha Tanzania kilicho mwanachama wa FIA, shirikisho la kimataifa la magari. Helmeti ya mtumba usiinunue, hata ikiwa inang’aa, kwa kuwa iliyowahi kugongwa inaweza kuwa imepoteza uimara bila kuonyesha ufa. Gari nalo lisiingie mashindanoni bila kizimba cha chuma cha kuwalinda waliomo likipinduka.

Katika mashindano ya mwanzo, lenga kumaliza. Tunza kumbukumbu ya muda wako wa kila kipande cha njia kinachopimwa, kwa maana mfadhili makini, awe mwenye duka la vipuri au kampuni ya usafirishaji, atataka kuona kama unapunguza sekunde kutoka shindano moja hadi jingine, na kama gari lilirudi likiwa zima.