SOMO: Kuiweka resi ya zamani ikufae mwili wako

Nazungumzia baiskeli za resi, za chuma, za mtumba, zile zenye usukani uliokunjwa kama pembe za kondoo. Mtu ananunua kwa macho, anaenda nayo Uyole, hapa Mbeya, anarudi kiuno kinawaka, wiki ijayo anaiuza kwa hasara. Baiskeli haina kosa. Hakuiweka sawa.

1. Pima mguu. Vua viatu, egemea ukuta, bana daftari gumu katikati ya mapaja hadi likaze kama siti. Kutoka sakafuni hadi juu ya daftari, zidisha kwa 0.883. Mimi nina sentimita 84, napata 74: kutoka katikati ya ekseli ya mikono ya pedeli hadi juu ya siti. Hesabu hii aliieneza Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara 3. Si msahafu; nyonga zikicheza unapokanyaga, shusha kidogo.

2. Siti isisogezwe mbele ili tu ufikie usukani. Magoti yatakudai.

3. Usukani ndio wenye kazi. Shingo yake, kile chuma kinachoushika, imezama ndani ya uma wa gurudumu la mbele, imebanwa na kabari kwa chini. Legeza bolti ya juu mizunguko mitatu, usiitoe. Weka kipande cha mbao juu yake, gonga nyundo mara moja. Ikisema "tok" na bolti ikazama, kabari imeachia. Mimi niligonga bila mbao, kichwa cha bolti kikapondeka, ufunguo ukagoma kuingia. Fundi wa Mwanjelwa alicheka kwanza ndipo akanisaidia. Inua unavyotaka, ila alama ya mwisho iliyochongwa shingoni isionekane nje. Shingo ikichomoka kwenye mteremko wa Iwambi, hakuna cha kushika.

MASWALI

— Mwalimu, mimi miguu mirefu, mikono mifupi. Viganja vinakufa ganzi.
Dada, tafuta shingo isiyojitokeza sana mbele: kama yako inatokeza milimita 110, jaribu 80. Sehemu inayozama kwenye uma, nyingi zina unene wa milimita 22.2, ila za Kifaransa za zamani ni 22.0, kwa hiyo nenda na kipimio. Utavua tepu ya usukani na breki ya upande mmoja ili usukani upite kwenye tundu la shingo. Kazi ya jioni nzima, usianze saa kumi na mbili.

— Mkuu, fremu yangu ni sentimita 58, siti nimeishusha yote, bado nakanyaga kwa ncha za vidole.
Hiyo si yako, ndugu yangu. Muuzie mrefu.

— Kamwene! Kutoka Ipogolo kupanda Iringa mjini nashuka na kusukuma. Nirekebishe siti?
Kamwene. Siti haina hatia hapo. Hesabu meno ya gia kubwa ya nyuma. Resi nyingi za zamani zina 23 au 24, na ndogo ya mbele ina 42. Hiyo ni ya nchi tambarare. Weka ya nyuma yenye 28, mnyororo uongezwe pingili kama haufiki, ushike usukani pale juu palipo bapa. Ukitokea Gangilonge bila kukanyaga chini, uje useme hapa.