Zege la kifusi: jinsi ya kumwaga sakafu kwa zege la zamani

Ukivunja sakafu au msingi wa zamani, usikimbilie kukodi lori la kumwaga kifusi: ukikiponda, kinachukua nafasi ya sehemu ya kokoto. Kwa sisi wa Dar es Salaam, ambao kokoto nyingi tunaletewa kutoka machimbo ya Lugoba, mkoani Pwani, nauli peke yake inauma. Hapa nazungumzia sakafu ya banda, njia ya kupita na kingo za bustani. Nguzo, boriti na slabu ziache mpaka mhandisi aseme.

1. Chambua. Unataka zege tupu. Toa mbao, nailoni, udongo, lipu, na hasa jipsamu ya dari: ina salfeti, na ikiingia kwenye zege jipya linakuja kuvimba na kupasuka. Nondo weka pembeni, chuma chakavu kina wateja. Kipande kinachosagika kwa vidole tupa.

2. Ponda na uchekeche. Vaa miwani. Chekecha kwa wavu wa milimita 20, kisha wa 5. Vumbi linalopita wavu wa 5 fukia nalo mashimo, lisigeuzwe mchanga.

3. Loweka. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Kokoto ya kifusi imegandwa na saruji ya zamani yenye vitundu, kwa hiyo inakunywa maji kuliko kokoto ya machimboni. Ukiitia kavu, zege linakaza ghafla, kibarua anaongeza maji, nguvu inapotea. Iache kwenye pipa la maji usiku kucha. Asubuhi itandaze kivulini juu ya wavu hadi mng'ao wa maji uishe, lakini ukiishika iwe bado ya baridi. Hapo imeshiba.

4. Changanya. Ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Katika hizo nne, moja tu iwe ya kifusi. Tajiri akitaka zote ziwe za kifusi, mkatalie. Kwa mfuko wa kilo 50, maji yasizidi lita 27. Mchanga ukiwa mbichi, punguza. Na usifidie kwa kuongeza saruji: hewa ukaa ya zege (gesi inayoongeza joto duniani) inatokana zaidi na saruji, si kokoto, kwa hiyo mfuko wa ziada unafuta faida yote ya mazingira uliyoitafuta.

5. Mwaga, shindilia, funika. Likishakaza, litandikie magunia na uyaloweshe asubuhi na jioni kwa siku 7. Kwa jua la Januari ongeza na mchana.