Somo: Kuusoma msimu wa uyoga wa porini, Lindi na Mtwara

Kila mwaka naulizwa uyoga unaanza tarehe ngapi. Uyoga hauna tarehe. Huku kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na ndani yake kila aina ina zamu yake.

Hatua ya 1. Hesabu mvua. Manyunyu ya kwanza hayatoshi. Subiri mvua kubwa mbili tatu, kisha choma kidole ardhini: kikizama chote kwenye ubichi, andaa kapu. Mfuko wa plastiki uache nyumbani, uyoga hutoka jasho na kuoza humo.

Hatua ya 2. Anza na vichuguu. Uyoga wa kichuguu hutangulia wengine. Mchwa ndio wanaoulima, chini kabisa, juu ya mabaki ya kuni na majani waliyoyatafuna. Usiuvute kwa kofia. Fukua taratibu kwa kijiti pembeni, utaona mguu unaendelea kushuka kama mzizi, mwembamba, mrefu kuliko kiganja. Mzizi huo ndio kitambulisho chake. Wahi alfajiri. Ikifika saa nne jua limeshaunyausha na funza wameingia.

Hatua ya 3. Mvua ikikolea, Januari hadi Machi, hamia kwenye misitu ya miti ya miombo na mitondoro: Liwale, Nachingwea, Masasi. Hapo hutoka uyoga wa njano, ule ambao chini ya kofia hauna matamvua makali bali mikunjo butu inayoteremka hadi mguuni. Nyuzi zake zimeshikana na mizizi ya mti: uyoga huuletea mti maji na madini, mti huupa sukari. Ndiyo maana msitu ukishachomwa mkaa, uyoga huu haurudi hata mvua inyeshe vipi. Inaniuma sana kuona hivyo.

Hatua ya 4. Uyoga usioujua uache. Nenda na mzee anayechuma hapo hapo kwenu.

MASWALI

Swali (Newala): Mvua ni nyingi, chini ya mikorosho sioni kitu. Kwa nini?
Jibu: Mkorosho haushirikiani na uyoga wa njano, ndugu yangu. Tafuta vichuguu, ila si ndani ya shamba linalopulizwa dawa.

Swali (Ruangwa): Bibi anasema ulioliwa na konokono ni salama. Kweli?
Jibu: Shikamoo yake ifike, lakini hapana. Konokono hula hata ule unaoua mtu.

Swali (Nachingwea): Nimepata mweupe, una pete mguuni na kikombe chini. Nikiuchemsha sana je?
Jibu: Usiule, dada. Kuna jamii yenye alama hizo ambayo sumu yake haitoki kwa kuchemsha wala kukausha. Kutapika na kuhara huanza baada ya saa sita au zaidi, kisha mtu hupata nafuu ya uongo huku ini linaharibika. Aliyekula apelekwe hospitali sasa hivi, na kipande kilichobaki mkibebe.