Thamani iliyojificha kwenye kampuni za teknolojia: anzia kurasa za nyuma za ripoti

Wengi wakitaka kununua hisa za kampuni ya teknolojia wanaangalia tu bei imepanda au imeshuka, jamaa wa kazini anasema hii inalipa, basi wanaingia. Inaniuma jamani, hiyo ni hela ya jasho, na ripoti ya mwaka iko bure kwenye tovuti ya kampuni, unaishusha hata kwa simu.

Ukishaipata ruka picha na barua ya mwenyekiti, nenda nyuma kwenye maelezo ya hesabu, yale maandishi madogo, utafute mapato yamegawanywaje kwa kila biashara. Amazon walianza kukodisha seva zao, yaani kompyuta kubwa za kuhifadhi na kuchakata data, 2006, lakini kwa miaka mingi mapato ya biashara hiyo, inayoitwa AWS, yalikuwa yamechanganywa kwenye mstari ulioandikwa "Nyinginezo". Aprili 2015 ndo wakayatenganisha: robo ya kwanza ya mwaka ule mauzo yalikuwa dola bilioni 1.57 na faida ya uendeshaji milioni 265, yaani kila dola ilibakiza karibu senti 17, wakati biashara yao ya kuuza bidhaa Amerika Kaskazini ilibakiza kama senti 4 tu. Kwa hiyo mstari mdogo ukiona unakua kwa kasi kuliko wenzake usiupite, uliza mle ndani kuna nini, na anayelipa ni nani.

Mfano wa karibu ni Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya. M-Pesa ilianza 2007, hisa zikauzwa kwa umma 2008 kwa shilingi 5, na wakati ule hela ilikuwa kwenye kupiga simu. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024 M-Pesa peke yake imeingiza karibu shilingi bilioni 140, zaidi ya asilimia 40 ya mapato ya huduma kwa upande wa Kenya. Hii usiishie kuisoma, nenda kakae kwa wakala lisaa limoja, angalia mama anayetoa mia tano, angalia wa bodaboda anayeweka ya mchana, halafu muulize mmoja kwa nini hahamii mtandao mwingine wenye makato nafuu. Akikujibu kwamba watu wake wote wako huku, hapo umeiona thamani ambayo mhasibu hana pa kuiandika.

Pengine mali yenyewe ni hisa za kampuni nyingine. Naspers ya Afrika Kusini 2001 ilinunua kama asilimia 46.5 ya Tencent, kampuni ya intaneti ya China, kwa dola milioni 32, na baadaye kwa miaka na miaka Naspers nzima sokoni ilikuwa na bei ya chini kuliko hizo hisa zake za Tencent. Hesabu yake nyepesi: idadi ya hisa mara bei ya leo, toa madeni na kodi, linganisha na bei ya kampuni mama. Ila angalia sana hapa, pengo linaweza kukaa muda mrefu mno, Naspers walienda mpaka kuorodhesha Prosus, kampuni yao inayoshikilia hizo hisa za Tencent, kwenye soko la hisa la Amsterdam 2019 na bado halikuziba. Kama huoni kitu kitakachoifungua hiyo thamani, usilipie kana kwamba imeshafunguka.

Halafu mitego. Faida inapanda lakini hela taslimu kutoka kwenye shughuli haipandi, mteja mmoja anabeba nusu ya mauzo, mishahara ya wanaoandika programu inaandikwa kama mali badala ya gharama. HP, kampuni ya kompyuta ya Marekani, walinunua Autonomy, kampuni ya programu ya Uingereza, 2011 kwa dola bilioni 11 hivi, mwaka uliofuata wakafuta bilioni 8.8 kwenye thamani yake, wakidai sehemu kubwa ni kwa sababu hesabu zilipambwa, kwamba mauzo ya vifaa yenye faida kiduchu yalihesabiwa pamoja na ya programu. Na wale walikuwa na wanasheria na wahasibu kibao, sasa wewe na mimi lazima tusome mara mbili.

Ukitaka kujaribu anza na Safaricom, matokeo ya mwaka yanatoka Mei, shusha ripoti tatu za mwisho, chora safu tatu kwenye daftari na ujaze M-Pesa, data na sauti mwaka kwa mwaka kabla hujafungua ukurasa wa bei.