Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwekewa Stenti Yenye Utando kwa Aneurizimu ya Ubongo

Stenti yenye utando ni mrija mdogo wa wavu wa chuma uliovishwa utando usiopitisha damu. Huwekwa ndani ya ateri mahali ambapo ukuta umedhoofika na kutuna, yaani penye aneurizimu, ili damu ifuate njia yake bila kuingia katika mfuko huo. Koili, yaani nyuzi laini za chuma zinazotumika katika tiba nyingine ya aneurizimu, hujazwa ndani ya mfuko, ilhali utando huziba mlango wake, na kwa sababu hiyohiyo huziba pia kila tawi la ateri linaloanzia pale unapopita.

Kwa hiyo swali ambalo mgonjwa na jamaa zake wanapaswa kulitanguliza, nami nalipa uzito kuliko mengine yote, ni hili: ni matawi gani yatakayofunikwa? Picha za angiografia, zinazopigwa huku dawa ya rangi ikipita mshipani, huonyesha matawi yaliyo karibu na shingo ya aneurizimu, yaani mlango wa mfuko. Ateri ya jicho ikifunikwa, mara nyingi jicho huendelea kupata damu kupitia matawi ya karotidi ya nje, ateri ya shingoni inayolisha uso, lakini si kwa kila mtu. Ndiyo maana daktari huweza kwanza kuziba mshipa kwa puto kwa muda mfupi na kupima uwezo wa kuona. Ateri ya koroidi ya mbele haina nafuu hiyo. Ni nyembamba mno, lakini hulisha njia ya neva zinazoendesha mkono na mguu, na ikizibwa mtu anaweza kupooza upande mmoja wa mwili.

Umbo la mshipa nalo lichunguzwe mapema, kwa kuwa stenti hii ni ngumu kupinda kuliko ya kawaida na huenda isipite kwenye kona kali. Ulizeni kabisa ni tiba gani itakayofuata endapo haitafika.

Kuhusu dawa, aspirini na klopidogreli huanzwa siku kadhaa kabla, ili damu isigande ndani ya stenti. Miili ya baadhi ya watu haiigeuzi klopidogreli ipasavyo ili ifanye kazi, hivyo hospitali nyingine hupima damu kwanza. Omeprazoli, ambayo wengi huitumia kwa vidonda vya tumbo bila kufikiri kuitaja, huipunguzia nguvu. Mwenye jino la kung'oa au upasuaji mwingine amweleze daktari mapema, kwa sababu kuzikatiza dawa hizi katika miezi ya mwanzo kunaweza kuziba stenti na kuleta kiharusi. Ikiwa aneurizimu imekwisha kupasuka, dawa hizo huongeza hatari ya kuvuja damu, na mpango wote hupimwa upya.

Mzio wa dawa ya rangi, ugonjwa wa figo, matumizi ya metformini (dawa ya kisukari) na ujauzito vitajwe vyote, na agizo la kufunga kula lifuatwe kwa saa zilizotolewa.

Hatimaye ulizeni kuhusu uvujaji kati ya utando na ukuta wa ateri: iwapo damu itaendelea kupenya, je, puto linalotanua stenti litajazwa tena, au stenti ya pili itaongezwa? Na tarehe ya angiografia ya ufuatiliaji ipangwe kabla mgonjwa hajaruhusiwa kurudi nyumbani, maana mshipa unaweza kuanza kuwa mwembamba ndani ya stenti bila dalili yoyote.